Kuwakinga Vijana na UKIMWI: Kazi Iliyo Mbele ya Chama cha Msingi

Somo hili limekusudiwa kusomwa na makatibu wa vyama vya msingi, kisha kujadiliwa na wanachama katika vikundi vyao vya kujifunza. Linahusu jambo ambalo kwa mazoea huachiwa zahanati na shule, yaani namna ya kuwakinga vijana wa vijijini wasiambukizwe virusi vya UKIMWI. Wapo watakaouliza kwa nini chama kinachopima na kuuza pamba, kahawa au korosho kijishughulishe na jambo kama hilo. Jibu la swali hilo lapatikana katika hesabu, na hesabu yenyewe ilifanywa mkoani Mwanza.

Jaribio la Mwanza

Mwishoni mwa mwaka 1998, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF na wataalamu wa afya kutoka London, wakishirikiana na wizara za elimu na afya, walianzisha mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana. Yalichaguliwa maeneo 20 ya vijijini katika Mkoa wa Mwanza, mkoa ambao wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko ulivyo leo. Kwa kura, maeneo 10 yakapewa mpango huo, na maeneo 10 yakaachwa yaendelee kama kawaida ili baadaye yalinganishwe na yale ya kwanza. Vijana zaidi ya 9,600 waliandikishwa na kupimwa damu.

Mpango ulikuwa na sehemu nne. Kwanza, wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa na walimu wao juu ya uzazi, magonjwa ya zinaa na UKIMWI, wakisaidiwa na waelimishaji rika waliochaguliwa na wanafunzi wenyewe. Pili, watumishi wa zahanati na vituo vya afya walipewa mafunzo ili wawapokee vijana bila kuwakemea. Tatu, vijana wa vijijini walipewa kazi ya kusambaza kondomu. Nne, zilifanyika shughuli za kijiji kizima, kama vile wiki za afya ya vijana, mashindano baina ya shule na maonyesho ya video. Yafaa ieleweke kwamba sehemu hii ya nne, iliyowalenga wazazi na watu wazima, ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Nguvu kubwa ya mpango ilielekezwa darasani.

Baada ya miaka mitatu vijana walipimwa tena. Ujuzi wao ulikuwa umeongezeka sana. Waliojibu maswali barabara katika maeneo yenye mpango walikuwa wengi kuliko wenzao, misimamo yao ilikuwa imebadilika, na baadhi yao, hasa wavulana, walieleza kwamba wamebadili mwenendo pia. Lakini damu haikukubaliana na majibu hayo. Katika maambukizi ya virusi vya UKIMWI na ya magonjwa mengine ya zinaa haikuonekana tofauti ya kutegemewa baina ya maeneo yenye mpango na yasiyo nao.

Pengine ilidhaniwa kwamba miaka mitatu ni michache mno. Kwa hiyo watafiti walirudi tena mwaka 2007 na 2008, wakawapima vijana 13,814 wenye umri wa miaka 15 hadi 30 waliosoma katika shule zile. Wanaume waliokutwa na virusi walikuwa asilimia 1.8, na wanawake asilimia 4.0. Safari hii nayo, waliopata mafundisho na wasioyapata walikuwa sawa.

Haifai kukimbilia kusema kwamba mafundisho hayakufaa kitu. Kijana ana haki ya kujua ugonjwa unavyoambukizwa, na asiyejua hawezi kujikinga hata akiwa na uwezo. Lililo dhahiri ni kwamba kujua peke yake hakutoshi. Mkulima anayejua kipimo sahihi cha dawa ya wadudu lakini hana bomba la kunyunyizia, wala fedha za kulikodi, atayaona matumba ya pamba yake yakiliwa huku kipimo akikikumbuka vizuri kabisa.

Watano na arobaini

Katika taarifa ya jaribio lile imo hesabu moja ambayo kila kikundi cha kujifunza kinashauriwa kuitazama kwa muda mrefu. Katika miaka ile mitatu ya kwanza, vijana walioambukizwa virusi vya UKIMWI walikuwa 45. Wavulana walikuwa 5. Wasichana walikuwa 40.

Ni kweli kwamba maumbile ya mwili humfanya msichana aambukizwe kwa urahisi zaidi kuliko mvulana. Lakini maumbile hayatoshi kueleza tofauti kubwa kiasi hicho. Kama wasichana wale 40 wangekuwa wameambukizwa na wavulana wa rika lao, idadi ya wavulana wenye virusi isingekuwa ndogo namna ile. Hapana budi kukubali kwamba wengi wao waliambukizwa na wanaume waliowazidi umri, watu ambao hawakuwamo darasani wakati mwalimu anafundisha. Nao ni akina nani? Ni wenye maduka na waendesha vyombo vya usafiri, wanunuzi wa mazao, watumishi wa kazi za mshahara, na wakulima wenye fedha za msimu mifukoni. Bila ya kuficha, wengine wao ni wanachama wa vyama vya ushirika.

Watafiti walioishi vijijini wakati wa jaribio waliandika jambo ambalo wenyeji hawakuhitaji kuambiwa. Msichana asiye na fedha za sabuni, za mafuta ya kujipaka, za daftari au za maandazi wakati wa mapumziko, hupewa fedha hizo na mwanamume, naye mwanamume hudai malipo yake. Fedha yenyewe ni ndogo. Hufanyika kwa siri, na siri ndiyo inayomnyima msichana nafasi ya kusema neno juu ya kondomu au juu ya kupima damu. Aliyepokea zawadi anaona hana kauli tena.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 redio za Tanzania zilitangaza sana habari za mwanamume wa namna hiyo, zikampa jina la "Fataki", na jina hilo likaingia katika mazungumzo ya kila siku. Watu walicheka, na kicheko kilifaa kwa sababu kilivunja ukimya. Hata hivyo, Fataki wa redioni ni mtu wa kuchekwa, na fataki wa kijijini huenda ndiye anayekopesha mbegu, au ndiye shemeji wa mwenyekiti.

Mambo yaliyoonekana kwingine

Yapo majaribio mengine mawili ambayo makatibu wanapaswa kuyajua, kwa kuwa yanaonyesha mlango ulipo.

La kwanza lilifanyika magharibi mwa Kenya mwaka 2004. Mtaala wa serikali uliwafundisha wanafunzi kusubiri hadi ndoa, lakini haukuwaambia ni watu gani hasa wenye virusi. Katika baadhi ya shule, wanafunzi wa darasa la nane walipewa kipindi kimoja tu kisichofika saa moja. Walionyeshwa kwa takwimu kwamba wanaume watu wazima wana maambukizi mengi mno kuliko wavulana wa rika la wasichana wenyewe. Katika mwaka uliofuata, mimba katika shule hizo zilipungua kwa asilimia 28 zikilinganishwa na shule nyingine, na zilizopungua zaidi ni zile za wanaume wenye umri mkubwa. Kuwafunza walimu mtaala wa kawaida peke yake hakukuleta upungufu kama huo. Yaani msichana aliyeambiwa kweli kamili, akiwa bado ana nafasi ya kuchagua, alichagua vizuri.

La pili lilifanyika katika wilaya ya Zomba nchini Malawi, kuanzia mwaka 2008. Wasichana ambao hawajaolewa walipewa fedha kidogo kila mwezi, fungu moja likienda kwa wazazi na jingine kwa msichana mwenyewe. Baada ya miezi 18, miongoni mwa waliokuwa shuleni wakati jaribio lilipoanza, wenye virusi vya UKIMWI walikuwa asilimia 1.2 kwa waliopewa fedha, na asilimia 3.0 kwa wasiopewa. Waliokuwa wamekwisha kuacha shule kabla ya jaribio hawakuonyesha nafuu ya kutegemewa. Jaribio linalofanana na hilo lililofanyika baadaye nchini Afrika Kusini halikupunguza maambukizi, na sababu moja inayotajwa ni kwamba huko karibu wasichana wote walikuwa wakihudhuria shule hata bila fedha hizo.

Ukiyaweka pamoja, inaonekana kwamba fedha hazina uchawi wowote. Zinafaa pale ambapo upungufu wa fedha ndio unaomtoa msichana shuleni na kumpeleka kwa mwenye nazo. Katika vijiji vingi vinavyolima pamba, hapo ndipo mambo yalipo. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana na nauli bado humngoja mzazi. Shule ya sekondari ya kata huenda ipo mbali, na msichana wa miaka 14 hupangishiwa chumba karibu na shule, akajipikia na kulala peke yake, mbali na macho ya mama yake. Vyumba hivyo vijana huviita mageto. Mwenye pikipiki anayempa lifti asubuhi anakifahamu chumba chake jioni.

Chama kina nini mkononi?

Watu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, hawakungoja dawa. Mwaka 1987 karibu robo ya watu wazima wa mji wa Bukoba walikuwa na virusi, na mwaka 1996 walikuwa wamepungua kufikia asilimia 13. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa katika hospitali za serikali mwaka 2004. Vifo vingi vilichangia katika upungufu huo, nalo ni jambo la huzuni lisilofaa kufichwa. Lakini watafiti waliochunguza Kagera wanaeleza pia kwamba vikundi vya kuzikana, vikundi vya akina mama, jumuiya za dini na viongozi wa vijiji vililizungumza jambo hili hadharani, na desturi zikabadilika kwa makubaliano ya watu wenyewe.

Chama cha msingi ni kikundi cha namna hiyo, tena kina vitu ambavyo vikundi vingine havina: mizani, ghala, daftari la wanachama, mkutano mkuu, na fedha za watu wote zinazopita mahali pamoja katika majira yanayojulikana. Kati ya kanuni za ushirika zinazofuatwa duniani, ya tano ni elimu kwa wanachama, na ya saba, iliyoongezwa mwaka 1995, ni kuijali jamii. Kwa hiyo katibu anayeliweka jambo hili katika ajenda yumo ndani ya kazi yake.

La kwanza ni fedha za msimu. Pamba hulimwa, hupaliliwa na kuchumwa na familia nzima, lakini malipo mara nyingi hupokelewa na mtu mmoja. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, vilabu vya pombe hujaa na ngoma hukesha, na mwanamume ambaye mwezi uliopita hakuwa na fedha ya chumvi sasa ana fedha ya kugawa kwa watoto wa wenzake huku binti yake hana daftari. Chama hakiwezi kumpangia mwanachama matumizi ya mali yake. Kinaweza, hata hivyo, kumrahisishia kuiweka kabla haijamtoka. Mkutano mkuu ukiridhia, mwanachama aweza kuandika kwa hiari yake, kabla ya mauzo, kwamba kiasi fulani kwa kila kilo kikatwe na kupelekwa katika akiba ya shule ya watoto wake. Vilevile mke anayelima shamba moja na mumewe aandikishwe kuwa mwanachama kwa jina lake, apate malipo yake na kura yake. Jambo hili la pili husemwa kila mwaka na kuahirishwa kila mwaka.

La pili ni mfuko wa elimu. Tuseme chama kina wanachama 300, na kila mmoja anauza kwa wastani kilo 400. Jumla ni kilo 120,000. Wakikubaliana kutoa shilingi 10 kwa kila kilo, mfuko unapata shilingi 1,200,000 kwa msimu mmoja. Kila katibu anaijua bei ya sare na ya madaftari hapo alipo, naye apige hesabu ya wasichana wangapi watafikiwa. Vyama vitatu au vinne vya kata moja vikiunganisha mifuko yao kwa misimu kadhaa vyaweza kushirikiana na serikali ya kijiji kujenga bweni, na bweni lenye mlezi mwanamke ni kinga kubwa kuliko mabango kumi ya barabarani. Majina ya wanaosaidiwa yasibandikwe ukutani, maana msichana anayetangazwa kuwa maskini ametajwa kwa kila mwenye nia mbaya.

La tatu ni gumu zaidi, nalo lahusu nidhamu ya watu wazima. Karani wa mizani ana mamlaka makubwa siku ya mauzo. Msichana akitumwa na wazazi kupeleka mzigo ghalani, karani ndiye anayesoma uzito, anayepanga foleni na anayeandika stakabadhi. Nafasi hiyo yaweza kutumiwa vibaya, na mahali pengine imetumiwa vibaya. Masharti ya kazi ya watumishi wa chama yaseme wazi kwamba mtumishi anayemtaka kimapenzi mwanafunzi au mtoto wa mwanachama anafukuzwa kazi na kushitakiwa. Kanuni hiyo isomwe mbele ya mkutano, naye karani awepo akisikiliza.

Sheria ya nchi haina utata. Tangu mwaka 1998 mwanamume anayefanya tendo la ndoa na msichana asiyetimiza miaka 18, ambaye si mke wake, anahesabiwa kuwa amebaka, hata kama msichana hakukataa. Pamoja na hayo, vijijini mambo mengi humalizwa nyumbani. Wazee huitwa, ng'ombe hutolewa, baba hunyamaza, na msichana huacha shule. Wajumbe wa bodi ya chama, kwa kuwa ni watu wanaoheshimiwa, huombwa mara nyingi wawe wasuluhishi katika vikao kama hivyo. Wakatae. Mjumbe anayeketi kuhesabu ng'ombe za namna hiyo amemfundisha kila mwanamume kijijini bei ya kosa, na mwenye mavuno mazuri ataona kwamba bei hiyo anaimudu.

Kuhusu zahanati maneno machache yatosha, kwa kuwa mambo ya tiba yana wataalamu wake. Tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 na zaidi kupima virusi bila idhini ya mzazi. Mtu anayeishi na virusi, akitumia dawa barabara hadi wingi wa virusi katika damu ushuke kiasi cha kutoonekana kwa kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Tohara ya wanaume hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu, lakini haiondoi haja ya kondomu. Vipo pia vidonge vya kinga kwa walio katika hatari kubwa. Na msichana aliyebakwa apelekwe kituo cha afya mara moja, kwa sababu zipo dawa za kuzuia maambukizi ambazo hazifai kitu zikianza baada ya saa 72. Hili la saa 72 ni vyema liandikwe kwenye ubao wa matangazo wa chama, pamoja na jina la kituo kilicho karibu.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi, na kwamba watu wapatao 60,000 walikuwa wakiambukizwa kila mwaka. Nchi imepiga hatua kubwa ukilinganisha na miaka ya 1990. Lakini binti wa mwanachama anayepanga chumba karibu na shule muhula huu hapati kinga kutokana na wastani wa taifa.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

Makatibu wanaombwa wawatenge kwanza wanawake na vijana katika kikundi chao wenyewe, wajibu maswali haya bila kuwapo wazee, kisha majibu yaletwe mbele ya wote bila kutaja aliyesema.

Katika kijiji hiki, wasichana wangapi waliomaliza darasa la saba miaka miwili iliyopita wapo shuleni leo, na walioacha waliacha kwa sababu gani? Majina yasitajwe, idadi itajwe.

Msichana wa sekondari hapa anahitaji fedha kiasi gani kwa mwezi kwa sabuni, pedi, madaftari na chakula? Nani humpa fedha hizo mwezi wa Februari, wakati hakuna pamba ya kuuza?

Malipo ya msimu uliopita yalipokelewa na wanaume wangapi na wanawake wangapi? Katibu alete daftari.

Je, chama kina kanuni iliyoandikwa juu ya mwenendo wa watumishi wake kwa wanafunzi? Kama haipo, nani ataiandika, na italetwa katika mkutano wa tarehe gani?